Aliyebonyeza Ndiyo

Redio ilinyamaza Jumamosi asubuhi, katikati ya tangazo la dawa ya kupe. Sauti ilisema "nyunyizia ng'ombe wako kila," ikakatika hapo hapo, ukabaki mvumo mtupu unaotoka kwenye redio ndogo iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Getruda alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliitazama redio, akaendelea kuchambua. Hakudhani umeme umekatika, wala kwamba mnara umeanguka. Alidhani mumewe ameingiza mkono mahali.

Mumewe, Sylvester, ndiye alikuwa fundi wa redio ile ya Mbulu mjini. Alikuja kutoka Dodoma na stashahada ya kompyuta, na neno "mfumo" alilitamka kama padre anavyotamka "sakramenti". Jana yake, wakila ugali, alimweleza mkewe kwamba kesho ataweka programu mpya ya kusafisha sauti za kwaya. Getruda akamuuliza kama ile ya zamani imeharibika.

"Mama Judith," Sylvester akasema, "teknolojia haingoji kitu kiharibike."

Getruda alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Watoto wa namna hiyo aliwajua, wale wanaonyoosha mkono na kuanza kujibu kabla swali halijasomwa likaisha. Tofauti ni kwamba wale wana miaka minane.

Simu ikalia. Alikuwa kaka yake, Hermani, kutoka nyumbani kwao, kijiji cha Daudi.

"Getruda, baba ametutoka," Hermani akasema. "Alfajiri. Tulidhani bado amelala."

Mzee Nicodemo alikuwa mgonjwa tangu masika, na wote walijua. Hata hivyo Getruda alibaki ameshika simu, huku mkono wa pili ukiendelea peke yake kutoa mawe kwenye maharage. Kisha mkono nao ukaacha.

"Upo?" Hermani akauliza.

"Nipo."

"Tunazika Jumatatu. Shida ni baba mkubwa."

Baba mkubwa alikuwa Bura, kaka wa pekee wa marehemu aliyebaki hai. Kiangazi chote alikuwa bondeni, upande wa Masakta, anahama na ng'ombe wake kufuata majani, na hakuna aliyejua kwa hakika amelala wapi wiki hii. Simu hakutaka kumiliki. Alikuwa na redio ya betri, na kila mchana na kila jioni aliisogeza sikioni kusikiliza matangazo ya vifo, kama wazee wote wa kule. Kumzika mdogo wake bila yeye lingekuwa neno ambalo ukoo ungelisema mpaka wajukuu wazeeke.

"Wewe una pikapu," Getruda akasema. "Nenda ukamtafute."

"Bonde lote lile? Na mafuta yalivyo?" Hermani akasema haraka. Mwaka jana alikuwa ameuza dume ambalo Bura alilikabidhi kwa Nicodemo limpandie majike, na tangu hapo alikuwa na sababu zake za kutopenda kukutana na baba mkubwa mahali penye ng'ombe. "Tangazo litoke mchana, litamfikia. Mumeo si ndiye fundi? Angalau mara moja atatufaa."

Getruda akaitazama redio juu ya kabati. Ilikuwa bado inavuma.

*

Ofisi ya redio ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya duka la pembejeo. Alimkuta Doris, mtangazaji, amekaa mlangoni na miguu nje kama mtu aliyefungiwa nyumba. Doris alipousikia msiba alisimama, akamkumbatia, akampa pole ya kweli. Kisha akaelekeza kidevu ndani.

"Yuko na mgonjwa wake," akasema. "Mimi nimefukuzwa, eti nampumulia."

Sylvester alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, shati limemganda mgongoni. Kwenye kioo kulikuwa na dirisha jeusi lililojaa maandishi meupe. Getruda alimwambia habari akiwa amesimama. Sylvester akainuka, akamshika mabega, akasema, "Pole sana, mke wangu. Mzee alikuwa mtu," na hapo alikuwa mkweli. Lakini jicho lake moja lilirudi kwenye kioo, na Getruda aliliona likirudi.

"Tangazo linatakiwa mchana," akasema. "Baba mkubwa hana njia nyingine."

"Mchana litatoka. Ni kitu kidogo. Ni maktaba tu."

"Maktaba?"

Sylvester akavuta pumzi, kama anavyovuta mtu mwenye subira. Kompyuta ya redio ilitumia mfumo wa Linux, kwa sababu haina gharama, haishambuliwi hovyo na virusi, na, kama alivyopenda kusema, kwa sababu watu wa hapa hawawezi kuichezea. Sasa akamweleza mkewe kwamba programu haisimami peke yake, inakopa kazi kutoka kwa mafaili mengine yanayoitwa maktaba. Programu mpya ya kwaya ilitaka maktaba za toleo jipya. Ile ya kurushia matangazo ilitaka za zamani. Haziwezi kukaa nyumba moja.

"Hilo ulilijua lini?"

"Ndilo ninalolishughulikia."

"Nauliza ulilijua lini. Kabla au baada?"

Sylvester akafuta jasho la uso kwa mkono wa shati. Doris, aliyekuwa amerudi kimyakimya akasimama mlangoni, akasema kwamba asubuhi kompyuta iliuliza kitu, naye alimwona Sylvester anabonyeza.

"Nionyeshe ilichouliza," Getruda akasema.

"Mama Judith, hii ni lugha ya kitaalamu."

"Ni Kiingereza. Panda juu."

Akapandisha maandishi, mstari kwa mstari, bila furaha. Getruda akasogea. Hayakuwa na utaalamu wowote. Kompyuta ilikuwa imeandika, kwa Kiingereza cha kidato cha pili, kwamba programu zifuatazo zitaondolewa. Ikaziorodhesha, na ya kwanza kabisa ilikuwa programu ya kurushia matangazo. Halafu ikauliza kama anataka kuendelea. Mbele ya swali ilikaa herufi moja, ya ndiyo.

Getruda alisoma mara mbili, kwa mazoea ya kazi.

"Ilikuambia," akasema. "Ilikuambia itaitoa, ikakutajia jina, ikakuomba ruhusa. Ukaipa."

"Kila mtu anabonyeza ndiyo," Sylvester akasema. "Ukikaa kusoma kila kitu inachoandika hutamaliza kazi."

Ndipo akamgeuzia mgongo, kwa sababu alikuwa na dawa. Kwenye laptop yake alikuwa na programu ileile ya matangazo katika toleo jipya. Aliihamisha kwa flashi, akaiwasha. Ikakataa, ikisema toleo inalolihitaji la ile maktaba mama, inayotegemewa na kila programu, halikupatikana. Sylvester akacheka kidogo, kama mtu aliyemkamata mwizi. Akalichukua faili la maktaba mama kutoka kwenye laptop, akalilaza kwa nguvu juu ya lile lililokuwemo.

"Sasa mtaona," akasema.

Wakaona. Aliandika amri ya kuiwasha programu, kompyuta ikalalamika kwa mstari mmoja. Akaandika amri ya kuorodhesha mafaili, amri ambayo mtu hujifunza siku ya kwanza, mstari uleule. Ya kunakili, uleule. Kila alichoandika kilirudi na lalamiko lile moja, kwa kuwa hakukuwa tena na kitu ndani yake kisichoitegemea maktaba aliyoikanyaga. Hata ya kurudisha alichofanya ilihitaji kile alichokiharibu. Vidole vya Sylvester vikaacha kuandika. Akaisogeza kibodi mbali.

"Izime uiwashe," Doris akasema.

"Usiiguse. Ikizimika haiwaki tena."

Simu yake ikaita. Alikuwa meneja, aliyekwenda Babati kwenye semina. Sylvester akajisafisha koo, akapokea, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, nene na tulivu. "Ndiyo, bosi. Ilikuwa shoti ya umeme. Hapana, nimeshaidhibiti. Ni kuhakiki mfumo tu sasa." Aliongea akiwa ameangalia ukutani ili asikutane na macho ya yeyote.

Getruda alikuwa na baba aliyelala ndani amefunikwa shuka, na alikuwa amesimama hapa akisikiliza hayo. Aliona haya, haya ya mtu aliyekutwa amevaa nguo ya kuazima.

*

Saa ya matangazo ya mchana ikaja, ikapita. Hermani akapiga simu kuuliza mbona kimya. Getruda akamwambia wanashughulikia. Hermani akasema, "Nilijua," kwa sauti iliyoshiba, akakata.

Getruda akamgeukia Doris. "Kabla hajaja huyu, mlikuwa mnarushaje?"

"Moja kwa moja," Doris akasema. "Kipaza sauti kinaingia kwenye meza ya sauti, meza inakwenda kwenye mtambo. Kompyuta ilikuwa ya miziki tu. Yeye ndiye aliyesema kila kitu kipite humo."

"Na mtambo mzima?"

"Mzima. Si huo unavuma."

"Basi toa kompyuta katikati, unganisha meza na mtambo, usome."

Doris akamtazama Sylvester, naye akatazama sakafu.

"Inataka waya mrefu," Doris akasema mwishowe. "Ule mnene. Huu wa kompyuta ni mfupi, haufiki mezani, na ncha yake haiingii kwenye simu wala laptop. Mrefu ulikuwepo."

"Uko wapi?"

"Nimeuazima," Sylvester akasema.

Uliazimwa na spika zake. Sylvester alikuwa na spika mbili za kukodisha kwenye harusi, na waya wa redio ulikuwa bora kuliko wowote unaouzwa sokoni. Tangu mwezi wa tano ulikuwa ukicheza kwaito na nyimbo za kuingiza maharusi kumbi zote za Mbulu. Leo ulikuwa ukumbini kwa Frida, mfanyabiashara wa vitunguu swaumu, anayemwoza binti yake wa kwanza.

"Nenda kauchukue," Getruda akasema.

"Siwezi kuiacha mashine katika hali hii."

"Mashine imekufa."

"Mama Judith, pale ukumbini kuna watu. Wateja wangu. Nitaingia niseme nini?"

Getruda akamtazama. Alikuwa amekaa na mwanamume huyu, amemzalia, amefua mashati yake, na mara nyingi alikuwa amemkasirikia. Sasa aligundua kwamba hasira haipo. Mahali pake palikuwa pamekaa kitu kingine, kikavu na chepesi, ambacho hakikuwa na haja hata ya kupandisha sauti.

"Nipe jina la mshereheshaji," akasema.

*

Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya zambarau. Getruda aliingia kwa mlango wa jikoni, amejifunga kanga mbili, kichwa amekifunika. Wapishi waliokuwa wanageuza pilau walimwelewa kwa kumtazama tu, wakampisha bila kusalimia kwa sauti. Frida aliitwa. Alitokea na gauni la kung'aa na jasho juu ya poda, akaenda naye pembeni, karibu na rundo la kuni.

"Mwalimu, pole," Frida akasema aliposikia. "Mzee Nicodemo ninamfahamu. Lakini sikuelewi. Unataka niwazimie watu muziki?"

"Waya mmoja tu. Ni mali ya redio."

"Nimekodi spika na waya wake. Nimeshalipa." Alimtazama kuanzia kanga mpaka viatu. "Mumeo ana redio nzima halafu ana waya mmoja? Na amekutuma wewe, mfiwa, uje kuuchomoa harusini?"

"Hakunituma. Nimekuja."

"Hilo ndilo baya zaidi," Frida akasema.

Akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amengoja siku hii miaka mingi na alijua majirani wangeisimuliaje. Akasema waya atautoa, lakini maharusi kwanza waingie. Hatamwingiza binti yake kwa makofi. Wakishaketi, mshereheshaji ataomba dua ya chakula, na dua haihitaji spika mbili. Getruda akasema asante.

Akasimama nyuma ya nguzo akingoja. Mtu akampa soda, akaishika. Muziki ukaanza kupitia ule ule waya, kwa sauti safi kabisa, na maharusi wakaonekana mlangoni na msururu wa shangazi wakicheza nyuma yao. Msururu ulizunguka ukumbi. Ulipopita kwenye nguzo, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha dhahabu, ambaye hakujua lolote na alifurahi kwa moyo wake wote, alimshika Getruda mkono akamvuta ndani ya mstari.

"Cheza, dada, usiwe mgeni," akasema.

Getruda alipiga hatua. Miguu ilifuata muziki kwa sababu ndivyo miguu ilivyo. Alipiga na nyingine, soda mkononi, baba yake hajaoshwa bado, kisha akajitoa taratibu akarudi kwenye nguzo yake. Hakulia. Aliona tu kwamba hili atalikumbuka akiwa mzee, na kwamba Sylvester hatajua kamwe limempata, kwa kuwa hatauliza.

Baada ya dua, mshereheshaji akamletea waya umezungushwa kama kamba ya kufungia ndama. Spika moja ikanyamaza. Nyuma yake alimsikia mtu akiuliza fundi wa vyombo ni nani, na mwingine akijibu, "Si yule wa redio," wakacheka.

*

Jioni ilipoingia Doris alikuwa ameunganisha meza na mtambo. Sylvester alisimamia kazi hiyo akiwa amekunja mikono, akisema "hapo, ndiyo, hapo" kila Doris alipokuwa ameshachomeka. Tangazo Hermani alikuwa ameliandika kwenye ujumbe wa simu, na Doris alilinakili kwenye karatasi. Sylvester akaichukua, akaipitia, akatoa kalamu mfukoni. Mbele ya jina lake, penye orodha ya wakwe, akaongeza "Mhandisi".

"Nitasoma mimi," Getruda akasema. "Sauti yangu baba mkubwa anaijua."

Aliketi. Doris akasukuma kitufe, akamwashiria. Getruda alisoma kama anavyosomea darasa, polepole, kila neno na nafasi yake. Alisema Nicodemo wa Daudi amefariki. Alisema mazishi ni Jumatatu. Alisema habari ziwafikie ndugu wa Endasak, wa Dongobesh, na kwa namna ya pekee zimfikie Bura, kaka wa marehemu, popote alipo na ng'ombe wake bonde la Masakta, na yeyote asikiaye aliye jirani naye amfikishie. Akataja watoto. Akataja wakwe.

"Na Sylvester," akasoma, bila kitu mbele yake.

Alipotoka, mumewe alikuwa amesimama kwenye korido.

"Umeruka neno," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Sikuruka," Getruda akasema. "Nilisoma yote, nikaacha lisilokuwa la kweli."

Akaenda kutafuta bodaboda ya Daudi. Sylvester alibaki na mashine yake.

*

Bura alifika Jumatatu kabla jeneza halijatolewa nje. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, vumbi la bonde zima kwenye miguu. Hermani alipomwona alikumbuka ghafla kwamba kuna maturubai ya kusimamia. Getruda akaenda kumpokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana." Akamshika kichwa kwa kiganja chake kikavu, akakaa hivyo kidogo, kisha akaingia ndani kumwona mdogo wake.

Walizika vizuri. Baadaye, watu walipokuwa wakila, Bura aliketi kwenye kigoda na wazee wenzake, akaulizwa habari ilimfikiaje. Sylvester alikuwa karibu, amevaa koti, anagawa maji ya kunawa. Jumapili yote, wenzake wakichimba kaburi, aliitumia mjini kuifuta kompyuta ile na kuiwekea kila kitu upya kuanzia mwanzo, na redio ilikuwa inaimba tena. Hilo alikuwa amewaambia watu wengi tangu asubuhi. Shoti ya umeme pia alikuwa amewaambia.

"Jumamosi mchana niliwasha, kimya," Bura akasema. "Nikajua betri zimekufa. Nikamtuma mtu dukani aniletee mpya, akaniletea jioni. Kuziweka tu, namsikia huyu mtoto ananitaja jina. Jioni ile nisingewasha, tulikuwa na ng'ombe anazaa. Niliwasha kujaribu betri."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema Mungu ana njia zake.

Sylvester akaweka birika chini.

"Kwa hiyo, mzee," akasema, na uso wake ukawa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, "kumbe kile kimya cha mchana nacho kilisaidia. Unaona? Bila kile kimya usingenunua betri."

Mtu aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Getruda, aliyekuwa amebeba sinia la vikombe, alisimama pale pale, na alipomtazama mumewe aliona kwamba hakuwa akitania wala kujitetea. Alikuwa ameshaamini.

Bura alimtazama Sylvester, akaanza kwenye viatu, akapanda polepole mpaka kwenye koti na uso, kama anavyomkagua ng'ombe aliyeletwa mnadani na mtu asiyemjua. Alichukua muda wake. Alipomaliza akamgeukia Getruda.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, baba."

"Ndiye wa redio?"

"Ndiye."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akatoa mkono kwenye fimbo, akauweka juu ya mkono wa Getruda uliokuwa umeshika sinia.

"Pole, mwanangu," akasema.

Pole ya msiba alikuwa ameshampa.